Shajara ya mradi: kukata DNA kwa mashine ya vifaranga, Chake Chake

Hii ni shajara ya klabu ya sayansi ya skuli moja ya sekondari hapa Chake Chake, Pemba: wanafunzi saba na mimi mwalimu wao wa baiolojia. Naiandika kila hatua inapokwisha, ili mwalimu mwengine, awe Wete, Makunduchi au Tanga, aweze kuifuata. Yaliyokwenda sawa nimeyapitia mbio. Yaliyotutia aibu nimeyaandika yote.

19 Aprili: suali la nyuma ya darasa

Nilikuwa nafundisha uhandisi wa jeni kama ninavyoufundisha kila mwaka: nachora uzi ubaoni, nachora mkasi, mkasi unakata uzi. Kijana wa nyuma akanyoosha mkono. "Maalim, huo mkasi wewe umeshauona ukikata?" Miaka kumi na moja nafundisha, sijauona. Darasa likacheka na mimi nikacheka, lakini niliporudi nyumbani suali likanikaa.

Mkasi wenyewe si mkasi. Ni protini, kimeng'enya ambacho bakteria hukitengeneza kujikinga na virusi. Kirusi kikiingiza DNA yake ndani ya bakteria, kimeng'enya hupita juu ya uzi huo kikitafuta neno moja tu. Hiki tutakachotumia kinaitwa EcoRI, asili yake ni bakteria wa utumbo, E. coli, na neno lake lina herufi sita: GAATTC (DNA huandikwa kwa herufi nne za kemikali: A, T, G na C). Uzi wa pili wa DNA huenda kinyume, A ikielekeana na T, G na C, na ukiusoma kwa mwendo wake unakuta GAATTC hiyo hiyo. Kimeng'enya kikilipata neno, hukata baina ya G na A kwenye kila uzi. Mikato miwili haielekeani, kwa hiyo kila ncha hubaki na herufi nne zinazoning'inia, AATT, zenye uwezo wa kushikana na mwenzake. DNA ya bakteria mwenyewe nayo ina neno hilo, ila yeye amezitia alama A zake kwa kundi dogo la methili, na kimeng'enya kikifika hapo hakikati.

Werner Arber, Hamilton Smith na Daniel Nathans walipewa Nobel mwaka 1978 kwa kazi hii. Smith ndiye aliyeonyesha mwaka 1970 kimeng'enya kinachokata mahali maalumu, na mwaka uliofuata Nathans akakitumia kuikata DNA ya kirusi SV40 vipande kumi na moja. Ncha zinazoning'inia zikaleta jengine: kata jeni unayoitaka kwa EcoRI, kata duara la DNA ya bakteria kwa EcoRI, ncha zitajuana, kisha kimeng'enya kingine, ligesi, kinazishona. Stanley Cohen na Herbert Boyer walishona namna hiyo mwaka 1973. Sisi hatushoni wala hatuundi kiumbe. Tunakata, tunatazama.

Tutakata DNA ya lambda, kirusi kinachoshambulia bakteria. Ni uzi ulionyooka wenye jozi 48,502 za herufi. Wanafunzi walipiga hesabu yao: neno la herufi sita, kila herufi ina nafasi nne, basi litokee mara moja katika kila 4,096, yaani karibu mara kumi na mbili katika lambda nzima. Kweli yenyewe ni mara tano. Niliwaambia hesabu yao haina kosa, ila DNA haikuandikwa kwa kurusha dadu. Mikato mitano, vipande sita: 21,226, 7,421, 5,804, 5,643, 4,878, 3,530. Orodha tumeibandika ukutani. Tunataka kuona mistari sita kwenye jeli, mmoja kwa kila kipande.

3 Mei: sanduku, na shaba iliyotusaliti

DNA ina chaji hasi, huvutwa na ncha chanya ya umeme. Ukiilazimisha kupita ndani ya jeli, vipande vifupi hutangulia na virefu hubaki nyuma. Msichana mmoja alieleza vizuri kuliko kitabu: "Kama kwenye mikoko. Mtoto anapenya baina ya mizizi, mtu mzima anakwama."

Sanduku ni kontena la plastiki la chakula. Kichana cha kutengenezea vishimo vya kutilia DNA kwenye jeli tumekikata kwenye kifuniko cha kopo la aiskrimu. Umeme ni betri tano za volti 9 zilizofungwa mfululizo, volti 45, na baina ya ncha mbili kuna sentimita kumi. Maji ya kupitisha umeme tumetia bikaboneti ya sodiamu, ile ya kuumulia maandazi. Maji yenyewe ni yale safi ya kuongezea kwenye betri za gari. Angalia hapo: dukani chupa ya maji na chupa ya asidi zimekaa bega kwa bega na zote watu wanaziita maji ya betri. Soma kibandiko.

Tulijaribu kwa rangi za chakula. Baada ya dakika ishirini upande wa chanya maji yakageuka rangi ya kijani na buluu, kama sarafu ya zamani. Ncha zetu zilikuwa waya wa shaba. Kwenye ncha chanya shaba huyeyuka, huingia majini na kuchafua kila kitu. Dawa yake haikugharimu kitu: tulipasua betri kubwa mbovu za tochi tukatoa zile fimbo nyeusi za kaboni za katikati, tukazisugua mpaka masizi yakaisha. Zinaacha unga mweusi kidogo chini ya sanduku, lakini haziyeyuki.

17 Mei: mwani

Kosa hili ni langu peke yangu. Agarosi, jeli wanayotumia maabara, hutoka kwenye mwani. Pemba tumezungukwa na mwani. Kwa nini tuinunue?

Mama wa mmoja wa wanafunzi analima mwani Micheweni. Alitupa furushi la mwani mwembamba, mkavu, na alipotukabidhi akasema: "Maalim, huu si wa faluda." Mimi nikaitikia tu. Tukauloweka, tukauchemsha saa mbili, tukauchuja kwa kitambaa cha kuchujia tui. Kilichotoka ni uji unaotetemeka. Kichana kilipovutwa juu, vishimo vikajifunga. Tukachemsha tena, mzito zaidi. Mara hii vishimo vilisimama, tukawasha umeme, na baada ya nusu saa jeli ikalegea mpaka ikaanza kuelea. Chumba cha maabara kilinuka pwani siku tatu.

Yule mama alikuwa ameshatupa jibu. Mwani unaolimwa hapa Zanzibar tangu 1989, mwembamba na mnene, hutoa karajini, si agari ambayo ndiyo hutolewa agarosi. Karajini ndiyo inayokwenda kuzitia uzito dawa za meno na aiskrimu. Imejaa salfeti zenye chaji hasi, kwa hiyo umeme unaposukuma DNA, jeli yenyewe nayo inahangaika. Tena ule mwembamba hutoa aina laini zaidi. Agari hutoka kwenye mwani wa jamii nyengine, Gracilaria na Gelidium. Kwa majaribio ya rangi tulirudi kwenye agari ya unga ya kugandishia faluda, asilimia 2. Ina ukungu na mistari inapinda, lakini inasimama.

24 Mei: chupa ya chai

Rafiki yangu niliyesoma naye, sasa yuko kwenye maabara Dar es Salaam, alituwekea kichupa cha EcoRI kilichobaki, DNA ya lambda, bafa yake (maji ya chumvi ambamo kimeng'enya hufanya kazi), agarosi halisi gramu tano, na akatuazima mikropipeti, kifaa cha kupimia matone madogo sana. Vikafika Unguja, mimi nikavifuata.

EcoRI huhifadhiwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Boti kutoka Malindi hadi Mkoani haina friza ya abiria. Barafu peke yake inakaa kwenye sifuri, lakini ukiiponda na kuitia chumvi ya mawe inashuka chini zaidi. Sehemu tatu za barafu kwa moja ya chumvi, ndani ya chupa ya chai, na kichupa kimefungwa kwenye mfuko wa plastiki katikati. Nilipoondoka kipimajoto kilisoma 14 chini ya sifuri, nilipofika Mkoani kilisoma 7 chini ya sifuri. Kwa saa chache inatosha kabisa. Mzee niliyekaa naye aliniomba chai. Nilimwambia ni dawa, akanipa pole.

Sasa kinakaa kwenye friza kubwa ya mama anayeuza barafu karibu na skuli. Friji ya nyumbani inayojiyeyusha barafu yenyewe haifai, maana hupashapasha kila mara. Friza iliyojaa barafu hata umeme ukikatika usiku mzima haitikisiki. Kijana tuliyempa kazi ya kukikagua alikuja mbio siku ya pili: "Maalim, kimeharibika, hakikuganda!" Hakigandi. Nusu yake ni gliserini, imewekwa makusudi ili kisigande. Naomba mkumbuke hiyo gliserini. Imetusumbua mara mbili.

31 Mei: mkato wa kwanza, hakuna kilichokatika

Mchanganyiko wetu, mikrolita 20 kwa jumla: maji 13, bafa 2, DNA 4 (sawa na mikrogramu 2), EcoRI 1. Kichupa cha pili hivyo hivyo bila kimeng'enya, cha kulinganishia. Saa moja kwenye nyuzi 37.

Hizo nyuzi 37 tulizipata kwa jirani yangu anayefuga kuku. Mashine yake ya kutotolea mayai inakaa kwenye 37.5 usiku na mchana, na umeme ukikatika anaifunika blanketi na kuwasha sola. Akatupa pembe moja ya trei, na kwa malipo wanafunzi wanamsaidia kugeuza mayai. Alivitazama vile vichupa viwili vilivyosimama baina ya mayai, akasema, "Hawa wenu watatoka wadogo sana."

Jeli ya agarosi asilimia 0.8: gramu 0.4 kwa mililita 50, tumepima kwa mizani ya sonara. Kutia sampuli vishimoni tunatumia sirinji ya insulini, maana kila alama yake moja ni mikrolita 10. Hapo tulikaa kidogo, kwa sababu bibi wa mwanafunzi mmoja anajidunga insulini kwa sirinji kama hiyo. Insulini ya binadamu iliyotengenezwa na bakteria waliopandikizwa jeni ilianza kuuzwa mwaka 1982, na ni tunda la kukata na kushona huku huku. Kabla ya hapo, nikawaambia, watu walitumia insulini ya kongosho za ng'ombe na nguruwe. Darasa zima likakunja uso.

Saa mbili na nusu za umeme, kisha jeli ikalala usiku kucha ndani ya methilini bluu asilimia 0.02, rangi inayoshika DNA. Maabara nyingi hutumia ethidiamu bromaidi na taa ya urujuanimno. Ile hujipenyeza kwenye DNA, DNA yoyote ikiwemo yako, sikutaka watoto waiguse. Methilini bluu ni hafifu zaidi, ndiyo maana tunatia DNA nyingi. Asubuhi tulisuuza kwa maji mpaka mistari ikajitokeza.

Mistari miwili. Mmoja kila njia, yaani chini ya kila kishimo, yote juu kabisa, sawa kwa sawa. Kimeng'enya hakikufanya kazi hata chembe, au karibu na hivyo.

Wiki nzima nililaumu chupa ya chai. Kumbe gliserini ni nzito kuliko maji: ile mikrolita moja ilizama chini ya kichupa ikakaa huko kama asali chini ya kikombe, na DNA iko juu. Tulitia kimeng'enya mwisho, kama inavyotakiwa, lakini hatukuchanganya. Usitikise kwa nguvu. Gonga kichupa kwa kidole mara kumi, halafu kipige chini kidogo ili matone yarudi. Basi.

14 Juni: mkato wa pili, mistari kupita kiasi

Baada ya Idi tulirudi, na kwa hofu ya mara ya kwanza tukafanya kosa la upande wa pili. Badala ya mikrolita 1 ya EcoRI tulitia 4, maji tukapunguza hadi 10, na badala ya saa moja tukaviacha kwenye mashine mpaka asubuhi. Kijana mmoja alisema, kikikata zaidi si ndiyo vizuri? Na mimi, wallahi, nilikubali.

Jeli ilitoka na mistari tusiyoijua, mingine chini kabisa ambako kwenye orodha yetu hakuna kipande chochote, na baina yake ukungu wa buluu. Wanafunzi walifurahi sana, mpaka tulipohesabu.

EcoRI ikikaa kwenye mazingira mabaya inaanza kusoma vibaya, inakata hata maneno yanayofanana na GAATTC. Gliserini ikizidi asilimia 5 inachochea hali hiyo, na vilevile kimeng'enya kikizidi na muda ukirefuka. Kichupa chetu: mikrolita 4 zenye nusu gliserini ndani ya 20, asilimia 10. Na usiku kucha kwenye joto maji nayo yalipungua, maana mfuniko ulikuwa umevaa matone kwa ndani. Kila sharti la kuharibu tulilitimiza. Kanuni tuliyoiandika ukutani chini ya orodha: kimeng'enya kisizidi sehemu moja ya kumi ya mchanganyiko.

Jeli hiyo tumeihifadhi kwenye mfuko wa plastiki. Naiona ina faida kuliko zote, kwa sababu mwanafunzi aliyezoea mchoro wa mkasi hawezi kudhani tena kwamba hiki ni chuma kinachokata kila unachokipa.

28 Juni: minne badala ya sita

Mikrolita 1, kuchanganya kwa kidole, saa moja kamili baina ya mayai. Njia ya kulinganishia: mstari mmoja juu. Njia ya EcoRI: mistari minne, safi, mikali. Minne!

Tulikaa na ile jeli juu ya dirisha, mwanga ukipita chini yake. Yule msichana wa mikoko ndiye aliyeona kwanza. Kipande kirefu hushika rangi nyingi zaidi, kwa hiyo mistari inatakiwa ififie kadiri unavyoshuka. Lakini wa tatu ulikuwa mzito kuliko wa pili. "Huu ni watu wawili wamevaa kanzu moja," akasema. Ni 5,804 na 5,643. Tofauti yao ni 161 tu, na jeli yetu ya sentimita saba haina nafasi ya kuwatenganisha. Wakijumlishwa ni 11,447, ndiyo maana unashinda 7,421 kwa weusi. Hapo tukapata mitano kati ya sita.

Aliyepotea ni 3,530, wa mwisho chini. Mahali pake palikuwa na kivuli tu, na kwa DNA tuliyotia alipaswa aonekane. Tulihesabu upya, tukakagua bafa, nikashuku rangi. Jibu lilikuwa kwenye lambda yenyewe, na nilikuwa nimelisoma zamani nikalisahau: ncha zake mbili za asili kila moja ina herufi 12 zinazoning'inia, na herufi hizo zinalingana. Ndani ya bakteria ndivyo inavyojifunga duara. Kipande cha ncha ya kushoto ni 21,226 na cha ncha ya kulia ndicho hicho 3,530. EcoRI ilikata sawasawa. Vile viwili vikatafutana, vikashikana kwa ncha zao, vikapanda juu pamoja kama kitu kimoja cha 24,756, na jeli ndogo haitofautishi hapo juu baina ya 21 na 24.

Kwa maneno mengine, kabla hatujafika kwenye somo la kushona, DNA ilijishona yenyewe bila ligesi.

5 Julai: nyuzi 65

Kichupa kile kile tulichobakisha, mikrolita 10. Maji ya moto kwenye chupa ya chai (ile ile ya boti), nyuzi 65, dakika kumi, kisha moja kwa moja kwenye barafu. Moto unaziachisha zile herufi 12, na baridi ya ghafla inazinyima muda wa kurudiana. Usiache kichupa kipoe mezani polepole, zitarudiana. Dakika ishirini kwenye 65 zinaiua na EcoRI kabisa, kama unataka kusimamisha kazi yake.

Asubuhi mstari wa chini ulikuwepo. Mwembamba, wa buluu ya maji, lakini hata mama wa barafu aliyekuja kuangalia aliuonyesha kwa kidole bila kuambiwa. Mistari mitano, mmoja wao ukiwa na wawili ndani. Yule kijana wa suali la kwanza aliipima kwa rula, akachora kwenye karatasi ya grafu, na kipande cha 4,878 kikakaa pale pale alipokitabiri.

12 Julai: gharama, na hatua ijayo

Kontena la chakula 4,000. Betri za volti 9, seti mbili, 40,000. Seti moja huchoka baada ya jeli tatu. Waya wa shaba 3,000, hasara tupu. Agari 5,000. Maji ya betri 6,000. Sirinji kumi 5,000. Barafu na chumvi 2,500. Jumla 65,500. Methilini bluu ilikuwa stoo ya skuli. Kimeng'enya, DNA, agarosi na pipeti ni hisani ya rafiki, na mtu akivinunua mwenyewe hivyo ndivyo vitakavyomla pesa, kwa hiyo tafuta maabara yenye vichupa vilivyobaki kabla hujatafuta duka. Nauli ya boti sikuiandika, nilikuwa na safari zangu.

Kuwavua wale wawili kanzu yao kunahitaji jeli ndefu zaidi, volti ndogo na saa nyingi, na kwa hilo tunataka sanduku la sentimita ishirini na tano hivi. Nimewaambia kila mmoja atafute nyumbani kwao. Leo asubuhi mmoja amekuja na kopo refu la biskuti, amelisafisha mpaka linang'aa. La bati. Nimemrudisha nalo.